Kuinama kwa Fumie

Mdogo wangu Fumie alicheza tenisi ya kulipwa miaka kumi na mitatu, na magazeti hayakuandika lolote juu yake zaidi ya matokeo, kwa herufi ndogo. Watu wa kwetu Saku, huko Japani, wakiniuliza kama alikuwa maarufu nawajibu hapana. Nikiwa na hasira nawauliza wao umaarufu wao uko wapi.

Asubuhi alikaa kwenye dawati la kampuni ya vipuri iliyomwajiri na kumgharamia tenisi, mchana akafanya mazoezi, na wikiendi akapanda treni kwenda mashindano ya miji midogo. Alishinda kidogo, akashindwa zaidi. Goti likaanza kumsaliti. Kampuni ikamwambia kwa upole kwamba kama hataingia mashindano makubwa ya Tokyo msimu huu, basi raketi aiweke chini. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na hakuwahi kuyaingia hata mara moja.

Kwenye tenisi, mpira ukigusa wavu kisha ukadondokea upande wa pili, mpigaji huinua mkono kuomba radhi, maana hiyo ni bahati tu, si ustadi. Wengine huinua kidole tu. Fumie aliinama mwili mzima, kama tulivyofunzwa nyumbani. Mwalimu wake, mzee Yonemura, alichoka kumkanya.

“Wewe mchezaji au mkaribisha wateja pale mlangoni pa duka la nguo?” alimuuliza mara moja mbele yangu.

“Samahani, Mwalimu,” Fumie akajibu, akainama tena. Hata mzee akashindwa kujizuia kucheka.

Mechi ya mwisho ya mchujo wa kuingia Tokyo alipangwa na binti wa miaka kumi na tisa, Mirei Asahina, mwenye miguu ya swala. Walipofika seti ya tatu, Fumie alibakiza pointi moja tu aingie Tokyo. Nilikaa kwenye benchi nimeuma taulo. Akapiga, mpira ukagusa wavu, ukasita juu yake, ukadondokea kwa Mirei.

Fumie akainua mkono, akainama.

Lakini yule binti alikuwa hajakata tamaa. Alikimbia, akajinyoosha, akauwahi mpira kwa ncha ya raketi kabla haujagusa chini mara ya pili. Mpira ukapita juu ya mgongo wa mdogo wangu, ukatua ndani ya mstari. Baada ya hapo Fumie hakupata tena pointi ya maana, na mechi ikaisha hivyo.

Nilikasirika mno. Kuipoteza Tokyo kwa sababu ya adabu! Nje ya uwanja Mwalimu Yonemura alimsimamisha.

“Mpira ulikuwa bado hai, Fumie. Miaka yote hii nimekwambia. Uliinama kwa nini?”

Macho ya Fumie yalikuwa mekundu ila hakulia.

“Nilidhani ameshindwa, Mwalimu. Nikamwonea huruma. Mimi najua kunavyouma.”

Hasira yangu yote ikaniishia pale pale, nikaona haya. Mzee akainama, akachukua begi zito la raketi miguuni pa mwanafunzi wake, akalitundika begani mwake mwenyewe, akatangulia kwenda kituoni. Kwetu mwalimu habebi mzigo wa mwanafunzi. Fumie alimfuata nyuma mikono mitupu, akilia sasa.