Papa wa Pension ya Nyongeza

Chai yangu naiuzisha mbele ya dirisha la biro ya pension, kwa hiyo yule papa mwenye kupokea watu kwa dirisha namujua kwa sauti kuliko kwa sura. Mutu akimuuliza kwa aibu, chini chini, yeye analirudilia lile ulizo kwa nguvu mupaka inje: "Mama infirmière wa hospitali anauliza kama pension ya nyongeza inamufikia mujane!" Kisha anajibu: inamufikia, alete tu cheti cha ndoa. Nilizani ni kukosa adabu. Kumbe wale wa nyuma, wenye kuogopa kuuliza, wanapata jibu lao wakingali kwa mustari. Wazee wakiisha kutia kidole kwa wino, anawapanguza na kitambaa chake mwenyewe, polepole. Nywele zake ni nyeupe kupita za wale anaowatayarishia makaratasi ya kutoka kwa kazi, na mimi nilikuwa najiuliza: huyu, wake mwaka wa kutoka ulipotelea wapi?

Juzi chef wake, mukubwa wa biro, kijana wa kuvaa tai, alitokea kutangaza: wafanyakazi wa biro wenye kupitisha umri watoke mwisho wa mwezi, nyongeza yao iko tayari. Watu wakapiga mikono. Papa akatoka, akaikala kwa benchi yangu, kikombe kwa mikono yote mbili.

"Mama," akaniuliza, sauti chini kabisa, "mutu akishatoka kwa kazi, asubuhi anaendaka wapi?"

Nikamujazia kikombe.

"Anakujaka hapa, papa. Lakini kwa hii benchi wanaikala wenye kunywa chai."