Siku Niliyomwambia Baba Aketi

Mimi ni mbishi. Nyumbani kwetu Njombe walinitania kwamba nilizaliwa nikibishana na mkunga, na sina la kujitetea. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kufundisha fasihi katika sekondari moja ya Makambako hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa nimepata mahali pa kulipwa kwa mdomo wangu. Na ubishi ninaoupenda kuliko wote ni huu: kati ya wahusika wote wa fasihi, nani maarufu zaidi? Kila mwaka niliwapa kidato cha tatu mada hiyo. Wiki nzima walibishana kwenye foleni ya maji na kwenye foleni ya ugali, wengine wakanuniana kabisa kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Ubishi huo nilifundishwa na baba, ingawa yeye darasa la nne hakulimaliza. Alikuwa mpasua mbao. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, viwili aliviacha msituni. Siku za mvua, ukungu ukiwa umeshuka hadi mlangoni na hakuna kazi ya kwenda, tulijikusanya jikoni kwa mama tukipukuchua mahindi, naye baba akatuletea bibi wake wa hadithi.

Bibi huyo hakuwa na jina. Asubuhi ya baridi moto wake umezimika, akachukua kigae na kwenda kuomba kaa la moto kwa majirani. Majirani ndio sisi. Baba aligonga debe kwa kifundo cha kidole: "Hodi humu ndani, naomba moto." Kila mtoto ilimpasa atoe sababu ya kumnyima. Moto wetu umelala. Moto wetu una mafua. Moto ameenda Makambako na baba, atarudi kesho. Na kila sababu bibi alikuwa na jibu lake, jibu la kuchekesha mpaka mama anaacha mahindi anajifuta machozi kwa kanga. Aliyeishiwa sababu alilazimika kumfungulia. Mimi ndiye niliyechelewa kuishiwa. Baba alikuwa akiniambia, "Wewe mama, utakuja kuwa hakimu wewe." Aliniita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, na mimi nilidhani ni jina langu mimi peke yangu duniani.

Sasa niseme jambo la aibu. Nilipoanza kazi, walimu wenzangu walikuwa wakisimuliana habari za wazazi wao: huyu baba yake mchungaji, yule mama yake muuguzi mkuu. Wakanigeukia. Nikasema baba yangu ni bwana misitu mstaafu. Lilinitoka tu, jamani, hata sikulipanga. Na uongo ukishakaa ofisini unanyweshwa chai pamoja na wengine. Miaka sita nilikuwa mtoto wa bwana misitu.

Mwaka ule mdahalo wetu uliangukia siku ambayo maofisa elimu walikuja kutembelea shule. Mkuu wa shule akaona hapo hapo, wageni waletwe bwaloni wasikie vijana wanavyozungumza. Mimi nilikuwa jaji. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Vijana walianza vizuri mno. Mmoja akasema mhusika maarufu ni yule anayetoka kwenye mtihani kila mwaka. Binti mmoja akainuka, mdogo wa mwili lakini mdomo kama wangu, akamjibu: "Mheshimiwa mwenyekiti, huyo hajulikani kwa kupendwa, anajulikana kwa kulazimishwa. Maarufu ni yule ambaye mama yangu, anayeuza mboga, anamtaja akinigombeza, na kitabu chenyewe hajawahi kukishika." Bwalo likalipuka kwa makofi. Maofisa wakaandika. Nilijiona nimefika.

Kisha mwenyekiti, kijana wa kidato cha nne, akauliza kama kuna mchango kutoka kwa wasikilizaji. Mkono ukanyooshwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mkono wa vidole vitatu.

Baba alikuwa amekuja bila kunipigia simu, ndivyo alivyokuwa. Alikuwa ameniletea gunia la viazi na parachichi, na mlinzi, kwa kumhurumia kwa ile baridi, akamwingiza bwaloni akae. Alikuwa na koti lake la kazini, lenye vumbi la mbao ambalo halikuwahi kutoka hata lifuliwe mara ngapi. Akasimama, akavua kofia. "Kamwene," akasalimu. Wanafunzi, watoto wa hapa hapa, wakaitikia kwa kelele, "Kamwene!" Walifurahi. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Mwenyekiti akamwomba ajitambulishe, ndiyo kanuni. Baba akasema, "Mimi ni mpasua mbao, natokea Njombe. Nimekuja kumwona mwanangu."

"Mwanao yupo kidato cha ngapi, mzee?"

Watu wakacheka. Baba akanitazama. Alisubiri. Haki ya Mungu alisubiri, na nafasi aliyonipa ilikuwa ndefu, ingemtosha mtu yeyote kuinuka na kusema, huyu ni baba yangu. Mimi nikainamia karatasi ya alama. Baba akasema taratibu, "Yupo. Yupo tu humu humu."

Kisha akatoa mchango wake. "Nimewasikia mkiwataja watu. Ni watu wazuri, mimi siwajui, na hilo si kosa lao. Lakini kuna bibi mmoja anaomba moto. Nimepasua mbao Kichiwa, nimepasua mpaka Mchuchuma kule Ludewa, na kila kambi niliyokaa nimewaachia watu huyo bibi. Mtu akishamjua, hafungi mlango wake bila kumkumbuka. Hana kitabu. Lakini kwangu mimi ndiye mkubwa wao wote." Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Hodi humu ndani, naomba moto." Akanitazama mimi, anacheka kwa macho. Nilijua anachongoja. Alingoja nimpe sababu ya kumnyima, kama zamani, ili amjibu, ili watoto wasikie.

Mwalimu niliyekaa naye akaninong'oneza, "Huyu mzee ametoka wapi?"

Nikasema, "Simjui."

Ofisa mmoja akatazama saa. Nikasimama na gauni langu la Pasaka. Nikasema, kwa sauti ile ya ujaji: "Tunakushukuru, mzee. Ila mhusika asiyejulikana nje ya jiko la mtu mmoja hawezi kuitwa maarufu. Mzee, tafadhali keti."

Akaketi. Wanafunzi wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Yule binti mdogo peke yake hakucheka.

Wageni walipoanza kunywa soda nilichomoka nikakimbilia getini. Gunia lilikuwa kwa mlinzi, baba yuko barabarani tayari anasubiri usafiri. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika akaniwahi yeye: "Mwalimu, usiwaache wageni wako. Rudi kazini."

Mwalimu! Nilidhani ananitania. Nikarudi.

Tangu siku ile hakuniita mama tena. Simu ikilia: "Hujambo, mwalimu." Nikienda Njombe, ananipisha kwenye kiti kizuri: "Karibu, mwalimu, kaa hapa." Hakununa, hakulalamika, hakunisema kwa ndugu. Ningejua la kufanya na mtu aliyenuna; mtu mwenye heshima namna ile unamfanya nini? Mara moja nilipandisha hasira, eti mimi! Nikamwambia, "Baba, mimi si mwalimu wako." Akajibu kwa upole, "Najua." Akaenda kukata kuni. Na ule mchezo wa debe hakuucheza tena, hata wanangu walipomwomba. Aliwaambia amesahau.

Mtauliza kwa nini sikuomba radhi. Nami najiuliza. Kila nikifunga safari nilisema leo. Nikifika, naona ananikaribisha vizuri, nasema kumbe yamekwisha, nisiyachimbe. Ubishi wangu wote huo, na sentensi moja ya maneno matatu ikanishinda. Mama yetu alikuwa ameshafariki. Angekuwepo angenifinya nikaisema.

Baba akaanza kukohoa. Mapafu, walisema hospitali ya Njombe, vumbi la miaka mingi. Kaka yangu yuko Mbeya, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikawa natoka Makambako kila Jumamosi na chupa ya uji, natazama mashamba ya parachichi kando ya barabara huku narudia maneno yangu kama mtoto anayekwenda komunio ya kwanza.

Jumamosi moja nikaanza kwa njia ninayoijua. Nikavuta kiti karibu na kitanda chake, pale dirishani, nikasema: "Baba, nimebadili hukumu yangu. Ule mdahalo." Nikamweleza kwa hoja. Kwamba yule binti alikuwa sahihi, umaarufu si kitabu. Kwamba nimeuliza wanafunzi wapya, na watatu kati yao, wa vijiji vya mbali, wamesimuliwa na babu zao habari za bibi anayeomba moto. Kwamba mimi jaji nilikosea. Niliongea kama robo saa, jamani, nikitetea mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na lile la kwetu sisi wawili nikalipita pembeni.

Baba alisikiliza amefumba macho. Akatabasamu. "Asante, mwalimu," akasema. "Bibi atafurahi."

Nikasema moyoni, Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo namwambia nilichofanya, kwa jina lake, bila hoja.

Jumamosi iliyofuata nilifika asubuhi, chupa ya uji mkononi. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimezungushiwa pazia. Muuguzi, binti kijana, akanizuia mlangoni kwa adabu. "Shikamoo. Wewe si yule mwalimu wa Makambako?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Basi tusaidie, mwalimu. Tunamtafuta ndugu wa huyu mzee tangu alfajiri. Simu ya mwanawe wa Mbeya haipatikani. Hapa kwenye faili hakuna mwingine."

Nikamwambia, mimi nipo, niandike mimi.

Akasita. "Samahani. Siku ya kwanza ulipokuja nilitaka kukuandika, mzee akanikataza. Alisema huyu ni mwalimu tu, mtu mwema, anakuja kunitazama. Msimwandike kuwa ni ndugu, mtamharibia kazini kwake."

Hakuwa ameniadhibu hata siku moja. Aliamini ndivyo ninavyotaka, kwa hiyo miaka yote alikuwa akinitunzia uongo wangu, simuni, nyumbani, mpaka kitandani.

"Mimi ni mwanawe," nikasema. Muuguzi akanitazama kwa huruma, nikaona bado hana hakika, nikapaza sauti. "Mimi ni mtoto wake! Huyu ni baba yangu! Mpasua mbao ni baba yangu mzazi!"

Wodi nzima ikageuka. Wagonjwa waliinua vichwa, mama mmoja akaacha kumlisha mumewe. Muuguzi akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya pazia, na baba alikuwa amelala uso umeelekea dirishani, kidevu wameshakifunga kwa bandeji, hakugeuka.