Jina Ambalo Bibi Hakuweza Kulitamka

Nikinusa rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi, hasira hunipanda kabla sijajua imetoka wapi. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kiseke alipaka geti lake rangi ya bluu, nami nikampita bila salamu, mtu ambaye hajanikosea chochote. Nimeshamwomba radhi. Nanyi mnaosoma, ngoja niwaeleze geti ninalolichukia kweli.

Nilikuwa darasa la nne. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kinauzwa, na neno mwekezaji likitajwa redioni utadhani anatajwa askofu. Kiwanda alichofanya kazi baba kilipata mwekezaji, baba akapunguzwa. Akaenda machimboni kutafuta dhahabu, akatuacha Mkolani: mama, mimi, na Bibi aliyemzaa yeye. Alikuwa hajarudi ilipotufikia habari kwamba ufuko wa mji ule wa zamani, ukweni kwa Bibi, nao umepata mwekezaji wake, mtu wa hoteli. Pale palikuwa na makaburi. Ndugu wa marehemu wafike mwisho Jumamosi, waandikishe jina, na mifupa itahamishwa kwa heshima. Kaburi lisilo na jina litasawazishwa.

Letu lilikuwa moja tu, la baba mkwe wa Bibi. Na wanawake wa Kisukuma wa rika la Bibi hawakutamka jina la mkwe, awe hai, awe amekufa zamani. Bibi alimwita "Yule". Alikuwa na hadithi mia za Yule, na katika zote hakuna hata moja ambamo Yule aliwahi kupata jina. Mama naye alikuwa ameolewa katika ukoo huohuo, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa umefungwa vilevile. Shangazi angeweza, lakini alikuwa amejifungua juzi yake. Nikabaki mimi. Shangazi aliniita kitandani kwake, akanikaririsha huku ananyonyesha, mpaka nikalishika: Shilinde Masunga, Shilinde Masunga.

Niliuliza kwa nini wasiliandike tu kwenye karatasi. Bibi alinikata jicho.

"Mtu hapelekwi kwa barua, ng'wanone, mtoto wangu. Anatajwa na damu yake. Wewe utasimama, utasema kwa sauti, basi."

Nikajisikia mkubwa. Nilivaa gauni la kanisani.

Jumamosi yenyewe basi letu lilipita Kisesa asubuhi, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefika. Tuliambiwa uandikishaji ni mpaka saa kumi, kwa hiyo Bibi akanizungusha. Sijawahi kumwona mwenye furaha vile. Alinionyesha boma la Wajerumani, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu, mbuzi wamelala ndani kana kwamba wamepanga chumba. Alinionyesha maduka ya mawe ya Wahindi, yenye baraza na milango mizito ya mbao, mengi yamefungwa, moja likiuza mitumba. Alinionyesha jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako Yule alikuwa mpimaji, mtu ambaye wakulima walimwamini kwa sababu hakuwahi kuweka kidole kwenye mzani. Ndani ilikuwa kimya, inanuka mafuta ya mbegu na mikojo ya popo. Kisha tukashuka hadi gati lililokuwa likipakia marobota ya pamba, tukayatazama yale majabali yaliyopandana majini, ndege aina ya mnandi wamekaa juu wakianika mabawa. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa. Bibi alivua kandambili, akaingiza miguu majini, akacheka peke yake.

Halafu tukafika kwenye geti la mwekezaji. Lilikuwa limepakwa bluu asubuhi ileile, na mkono wa gauni langu ukaligusa. Mlinzi alinifokea mimi, si aliyepaka rangi bila kuweka hata kikaratasi.

Ndani palikuwa na meza chini ya mwavuli mkubwa. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa na daftari, na pembeni yake mwenyekiti wa kijiji amekaa na soda yake. Tulimsalimu. Mwenyekiti huyo, Bibi aliniambia baadaye, alilelewa kwa ugali wa nyumba ya Yule. Watu walikuwa wachache mbele yetu, nyuma yetu hakuna. Na hatua kumi kutoka pale, naomba mnielewe, palikuwa na mtelezo. Mtelezo wa bati jipya, unaanzia juu ya ngazi na kuishia ziwani. Watoto wa kijiji waliruhusiwa siku ile, kwa ajili ya kufurahia. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Nikamwomba Bibi niteleze mara moja tu wakati tunasubiri, akasema nenda, lakini masikio yawe huku.

Nilikuwa juu ya ngazi zamu ya Bibi ilipofika. Nilisikia kila kitu.

"Jina la marehemu?"

"Subiri, baba. Analo mjukuu wangu."

"Marehemu ni nani yako?"

"Mkwe wangu. Baba wa mume wangu."

"Mkwe wako, na jina lake hulijui?" Kijana akacheka. Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, unamfahamu huyu bibi?"

Mwenyekiti akaitazama chupa yake. "Wako wengi," akasema.

Wako wengi! Alilijua lile jina. Alilijua kabla mimi sijazaliwa. Hakuwa mkwe wa mtu pale, hakuna mwiko uliomfunga mdomo. Alifungwa na soda.

"Milembe!" Bibi akaita. "Milembe, njoo!"

Sitawadanganya kwamba sikusikia. Nilisikia vizuri. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watoto, nikishuka napoteza zamu, na niliona kuwa watu wazima hawawezi kufunga kitabu kwa sababu ya jambo dogo la dakika moja. Nikakaa, nikateleza. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nikazama, nikaibuka nikicheka, nikatoka na gauni langu la kanisani linachuruzika, nikasimama mbele ya meza kama nilivyofundishwa.

"Shilinde Masunga," nikasema kwa sauti.

"Tumeshaandika haijulikani," akasema kijana. "Tumefunga."

Daftari lilikuwa mkononi mwake! Kalamu haikuwa imefunikwa! Nikarudia jina, akainuka, akakunja mwavuli. Bibi akanivuta pembeni. Alinikamua pindo la gauni, akanishika mkono, tukaenda kukaa kidogo pale kaburini, mawe manane tu yaliyopangwa kwenye majani, kisha tukawahi basi. Sasa hivi pale ni maegesho ya magari. Nimeyaona kwa macho yangu, yana mistari myeupe.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia kijana yule, na mwenyekiti, na mwenye hoteli ambaye sura yake siijui. Bado nawakasirikia, wala sioni sababu ya kuacha. Kuna siku nilimkasirikia hata Bibi. Neno moja tu, Bibi, lingekupunguzia nini? Ilinibidi niolewe mimi mwenyewe ndipo nielewe kwamba heshima ile ilikuwa kazi yake ya maisha yote, na kwamba alikuwa amemkabidhi mtoto wa darasa la nne amalizie pale alipoishia yeye.

Lakini kilichobaki kunichoma hakikutokea ufukoni. Baba aliporudi kutoka machimboni alituuliza kama kaburi limeandikishwa. Tulikuwa uani tunamenya karanga.

"Tulichelewa, mwanangu," Bibi akasema. "Nilinogewa na mji. Nilizunguka, nikazunguka, tukakuta wamefunga."

Baba alimfokea. Sikuwahi kumsikia akimfokea mama yake, kabla ya hapo wala baadaye. Alimwita mzembe. Bibi aliendelea kumenya, hakuinua macho, hakunitazama hata kwa bahati mbaya. Nami nilikaa pale na mdomo wangu mzima, usiofungwa na mwiko wowote, nikanyamaza.

Bibi alikufa hajalitamka jina la mkwewe. Na siku ile, mbele ya mwanawe, hakulitamka langu.