Bado ya Mama Vitasa

Kasuku alikuwa na dosari moja kazini: farasi akilia, lazima amtafsiri naye. "Farasi anasema amechoka," angetangaza kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ungeangua kicheko, hata kama kwenye filamu kuna mtu anakata roho.

Ndiyo kazi aliyoifanya, kutafsiri filamu. Alisimama kando ya runinga kubwa, filamu ikisema lugha yake ya kigeni kwa sauti ya chini, naye akiigeuza Kiswahili papo hapo. Wanaume aliwapa sauti nzito, wanawake sauti nyembamba, na yeyote ambaye yeye mwenyewe hakumpenda alimpa sauti ya puani. Lugha ile hakufundishwa na mtu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mlinzi wa chuo cha lugha, na darasa la kwanza lilikuwa na dirisha lisilofunga vizuri. Alisomea pale nje, amesimama na rungu lake. Chuo kilipofungwa, wenzake waliondoka na vyeti, yeye akaondoka na lugha.

Kwa hilo namheshimu, na mimi si mtu wa kuheshimu watu ovyo. Mimi nilikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine yote niliyasoma kwenye herufi za risasi, moja moja, tena kinyumenyume, kwa sababu herufi za chapa hupangwa zimegeuka. Leo kiwanda kile ni duka la mifuniko ya simu. Sisemi zaidi.

Kila Jumamosi Kasuku alikuja kwangu kutafuta maneno. "Mzee wangu, mtu mwenye nyumba kubwa, bustani na watumishi kumi, asiyefanya kazi yoyote, tunamwitaje?"

"Zamani tulimwita mwinyi. Siku hizi mnamwita mheshimiwa. Andika mwinyi."

Ukumbi ulikuwa wa dada yake mkubwa, ambaye wakubwa na wadogo tulimwita Dada tu. Mabenchi manane, feni moja inayozunguka ikijisikia, na mapazia meusi yaliyoliwa na nondo, hivyo alasiri jua lilipenya kwenye vitundu na kutunyunyizia nukta za mwanga vichwani. Jumapili alasiri ilikuwa zamu ya tamthilia ya mambo ya kale: magauni ya kufagia sakafu, magari ya farasi, barua zilizofungwa kwa nta. Mimi nilikwenda kwa ajili ya zile barua. Walau kwenye runinga kuna watu bado wanaandikiana. Huku kwetu mtu anachumbia kwa kidole gumba na kukataliwa kwa kikatuni cha uso unaocheka.

Na benchi la tatu, upande wa feni, alikaa Mama Vitasa.

Mama Vitasa alikuwa mjane mwenye duka la vitasa, bawaba, makomeo na misumari. Alikuwa bahili wa maneno. Ukimwuliza kama ana kufuli ya namba fulani, hakujibu kwamba ipo. Aliitua kaunta mbele yako, kop! Ukitaka kupunguziwa bei, aliirudisha rafuni. Kiti chake ukumbini hakuna aliyethubutu kukikalia, kwa kuwa kabla watu hawajaingia Kasuku alitandaza leso yake pale. Watu walidhani ni heshima kwa mteja wa siku nyingi. Mimi peke yangu nilijua habari yenyewe, na nilijua kwa sababu nilikuwa nimetia mkono wangu ndani yake.

Miaka sita nyuma, Kasuku alikwenda dukani kwa Mama Vitasa akanunua kufuli ambayo hakuwa na mlango wa kuitia, kisha akamwambia kwamba angependa wazeeke pamoja. Mama Vitasa alikuwa anahesabu misumari. Hakuinua kichwa. Alisema, "Bado."

Neno moja. Kasuku akalibeba mpaka kwangu kama mtu aliyebeba yai. "Mzee wangu, wewe ndiye mwenye kamusi. Bado maana yake nini?"

Nami, kwa vile nimeulizwa jambo la lugha, nikavimba kama chura. Nikamwambia: "Kijana, bado ya mwanamke mwenye adabu ni hapana iliyonawa uso. Watu wa zamani hawakurushiana hapana kama maganda. Muulize bibi wa miaka themanini kama amewahi kupanda ndege, atakwambia bado. Unadhani ana tiketi? Hiyo ni hapana, ila imechana nywele."

Kasuku akashukuru. Akaenda kuitundika ile kufuli kwenye msumari chumbani mwake, haifungi kitu. Hakuuliza tena. Akabaki na leso yake kila Jumapili.

Sasa ile tamthilia. Binti wa fundi saa alikuwa akipendwa na jaji mmoja mjane, mtu wa koti refu. Wiki tisa tulimwangalia jaji akipita mbele ya duka la saa, akiingia kuuliza saa ngapi, na hali saa anayo mfukoni. Kinyozi, ambaye alikaa nyuma yangu na kunitemea makombo ya karanga shingoni, alikuwa upande wa jaji. Nesi wa zahanati alikuwa upande wa binti. Wiki nzima walibishana, mpaka watu wakaogopa kunyolewa na kuchomwa sindano.

Jumamosi ile Kasuku alikuja bila karatasi ya maneno. Kipande cha kesho yake alikuwa ameshakitazama, kama alivyotazama vyote kabla.

"Mzee wangu, kesho anamkataa."

"Nani?"

"Binti. Anamkataa jaji. Anasema hapana, tena mara tatu."

"Basi tafsiri. Si kazi yako?"

Akakaa akizungusha kofia. "Nitalitamka kwa sauti ya kike. Na yeye atakuwa amekaa pale kwenye leso yangu. Mzee, miaka sita naishi kwa ile bado. Uliniambia ni hapana, nikakuamini kichwani, moyoni sikukuamini. Kesho nikilisema lile neno, nikamwona anatikisa kichwa kuliafiki, nitakuwa nimejibiwa. Hata Jumapili zenyewe zitakuwa zimekwisha."

Nilimwambia ajikaze. Ushauri wa bure huwa hauna gharama kwa anayeutoa.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Jaji akaingia dukani mwa fundi saa, nje mvua inanyesha, mkononi mwa binti kuna mwavuli ambao jaji alimwazima wiki iliyopita. Jaji akaanza kusema, na Kasuku akampa sauti nzito: "Nina nyumba yenye madirisha arobaini..."

"Arobaini!" Nesi akaguta. "Nani atayafuta?"

"Ndiyo maana anatafuta mke," Kinyozi akajibu.

"...na ndani mna saa kumi na mbili, zote zimesimama tangu marehemu alipoondoka. Nakuomba uje uzitie funguo."

"Msikieni! Anataka fundi wa bure!"

"Mwacheni mwenzenu aseme! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye ameinama mpaka koti linafagia."

"Tulieni, au nazima!" Dada akafoka kutoka mlangoni. Tukatulia.

Binti akajibu. Alijibu kwa muda mrefu, mashavu mekundu, kidole kikipiga meza. Akamshindilia jaji mwavuli wake kifuani, akafungua mlango, akatoka kwenye mvua bila kufunika kichwa.

Kasuku akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Kisha, kwa sauti nyembamba kama uzi, akasema:

"Bado."

Halafu ukumbi ukalipuka.

"Bado nini?"

"Dakika nzima ya maneno, yote hayo ni bado?"

"Mwanamke ameloa chapachapa, wewe unatuambia bado!"

"Kasuku, hata farasi unamtafsiri sentensi nzima!"

"Labda amesema bado," Kinyozi akajitetea, maana jaji wake alikuwa anazama. "Mbona inawezekana? Amerudisha mwavuli kwa kuwa si wake. Huo ni uaminifu."

"Uaminifu wa wapi? Mtu akikurudishia mwavuli huku mvua inanyesha, shemeji yangu, hapo hakuna ndoa!"

Dada akaja mbele, akamnong'oneza ndugu yake kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka barabarani: "Umekuwaje leo? Sema hapana, watu waende zao."

"Siwezi, Dada."

"Neno dogo hilo!"

"Siwezi."

Hapo Mama Vitasa akasimama. Feni, kwa heshima yake, ikaacha kulia.

"Kasuku," akasema, "tafsiri sawasawa. Yule binti kasema hapana. Hata mimi nisiyejua lugha yao nimemsikia."

Nukta za jua zilikuwa usoni mwa Kasuku, akipepesa macho. Akasahau kwamba kipaza sauti bado kimewaka. "Na wewe," akasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote mbili, "wewe mwaka ule ulisema nini?"

Jamani! Nesi akashika mkono wa Kinyozi, adui yake, na Kinyozi akauacha ushikwe.

Mama Vitasa akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyeomba bawaba bila kujua urefu wa mlango. "Mimi nilisema bado."

"Ndiyo. Bado."

"Bado maana yake bado. Mume wangu alikuwa hajatimiza mwaka kaburini, na nilikuwa nahesabu misumari. Ulitaka niseme nini? Nikakungoja urudi kuuliza. Mwaka ukapita. Nikasema labda ana haya. Wa pili. Nikasema labda amepata mwingine, lakini leso naiona. Miaka sita nakalia leso ya mtu asiyeuliza! Kuuliza si ujinga, Kasuku. Ujinga ni kuuliza mara moja."

"Niliambiwa bado ni hapana iliyonawa uso."

"Nani alikwambia?"

Nilikuwa nimeshainama kufunga kamba ya kiatu. Nilivaa makubazi siku hiyo, lakini mtu mwenye shida haangalii miguuni. Kichwa kiko chini hivyo, nikasikia benchi baada ya benchi likilia kwa kugeuka, maana katika mtaa ule hakuna mwingine anayeweza kutunga upuuzi wa namna hiyo kwa Kiswahili safi.

"Mzee," Mama Vitasa akasema taratibu, "mimi na wewe tutaonana."

"Keti, wifi," Dada akasema, neno likamponyoka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kilichofuata kiliangusha pazia moja.

"Wifi bado," Mama Vitasa akajibu, akakaa. "Kwanza turudishiwe filamu nyuma. Tumelipa."

Kasuku akairudisha. Jaji akaomba tena, binti akafoka tena, na safari hii Kasuku akasema hapana zote tatu, kubwa, nene, zenye mifupa. "Hapana! Hapana! Hapana, mwinyi wangu, na saa zako tafuta fundi umlipe!" Ile ya mwisho aliongeza mwenyewe. Tulishangilia kama tumeolewa sisi. Nje ya duka la saa farasi wa jaji akalia, na Kasuku akasema, "Farasi anauliza: kesho duka linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili," Mama Vitasa akasema.

Jumatatu saa mbili mtaa mzima ulihitaji misumari. Kinyozi alitaka mmoja. Nesi alitaka mmoja, akauchagua robo saa. Mimi nilikuwa na sababu halali: bawaba ya kabati langu la vitabu ilikuwa imekatika, na isitoshe, mtu akisubiriwa ni vizuri aende mwenyewe. Mama Vitasa aliniangalia tu mpaka nikasogea pembeni.

Kasuku akaja amenyoa, ile kufuli mkononi. Akaitua kaunta, kop! Akamwinamia Mama Vitasa, akasema maneno ambayo hatukuyasikia. Mwanamke yule akaacha misumari, safari hii akainua kichwa, akajibu kwa sauti ya chini, na hakujibu kwa neno moja. Nilihesabu midomo ikifunguka; si chini ya maneno ishirini, na hiyo kwake ni hotuba.

"Amesemaje?" Kinyozi akauliza kutoka mlangoni.

"Tafsiri, Kasuku!" Nesi akapaza sauti.

"Tafsiri! Tafsiri!"

Mtu aliyetutafsiria wafalme, wachawi na farasi akatugeukia. Macho yamelowa, meno yote nje. "Hii," akasema, "haitafsiriwi."

Tulikasirika sana. Lakini Mama Vitasa alikuwa ameshainua ule ubao wa kaunta unaomtenga muuzaji na mnunuzi, ambao miaka yote ile sikuwahi kuona mtu mwingine akiupita. Kasuku akaupita. Akapewa kigoda, na bakuli la misumari ahesabu. Kufuli Mama Vitasa akaitia kwenye mlango wa stoo, ikalingana.

Watu wakatawanyika kutangaza. Nikabaki mimi peke yangu. Enzi zetu, mambo kama haya yangeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi yenye mistari, na nakala moja ingehifadhiwa. Nikakohoa.

"Mama, samahani. Bawaba yangu je?"

Hakuinua kichwa.

"Bado, mzee."

Nikavuta kopo la rangi, nikakaa kusubiri.