Wajina wa Mama Yangu

Wiki ya mwisho kabla ya kuhama nilipima sanduku asubuhi, nikalipima mchana, na jioni nikalipima tena, utadhani lilikuwa linanenepa lenyewe. Mizani ilikuwa ile ya viazi, inayoning'inia kwenye duka la mama yangu kwetu Yamumbi. Wateja walisimama na mifuko yao wakingoja nimalize. Nikitoa unga wa wimbi, narudisha majani ya chai. Nikitoa sweta, namkumbuka mwanangu anayepata kikohozi, narudisha sweta mbili.

"Hilo sanduku utalichosha kabla halijapanda ndege," mama aliniambia.

Nilikuwa nahamia Uholanzi na watoto wangu wawili, msichana wa miaka kumi na miwili na kaka yake mdogo wa miaka saba, tukaishi na mume wangu. Mume wangu si baba yao. Alikuja Eldoret kutengeneza mashine za kupozea maziwa, akanikuta mimi ndiye ninayepokea maziwa ya wakulima wa upande wa Soy, na siku ya kwanza tu tuligombana kuhusu mlango wa chumba cha baridi aliouacha wazi. Tulifunga ndoa mjini, yeye akatangulia kwao kututafutia nyumba ya kututosha. Visa zilitoka. Ndege ilikuwa Jumapili. Kila kitu kilikuwa sawa, mpaka Jumanne yule msichana alipoweka kijiko chini wakati wa chakula akasema yeye haendi.

"Huendi wapi?" niliuliza, kama mjinga.

"Holland. Nyinyi endeni. Mimi nabaki na shosho."

Kama ni kaka yake angesema hivyo, ningemchapa kwa ulimi na mambo yakaisha. Lakini huyu si mtoto wa kuchapwa hivi hivi. Baba yao hakufika kwetu hata na mbuzi mmoja wa mahari, kwa hiyo majina ya watoto yalitoka upande wangu: mvulana akapewa la baba yangu, msichana akapewa la mama. Na kwetu jina si la kuitia mtu chakula tu. Aliyepewa jina lako, wajina wako, ni wewe. Mimi mwenyewe humwita binti yangu "mama", tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mama yangu, huyo shosho wake, naye humwita "mimi". Shule zikifungwa humwambia jirani, "Mimi nimeanguka hesabu," na jirani anaelewa bila kuuliza.

Kwa hiyo Jumanne ile aliyekataa kwenda hakuwa mtoto tu. Nilimtazama mama upande wa pili wa meza. Alikuwa anakula polepole, macho kwenye sahani. Kula kwake kulinikera kuliko maneno ya mtoto.

Nilibembeleza. Nilifoka. Niliahidi baiskeli, kwa sababu mume wangu alisema huko hata bibi wa miaka themanini anapanda baiskeli. Msichana akajibu kwamba shosho hawezi kupanda baiskeli. Nikampigia mume wangu, nikitembea kutoka jikoni hadi kwenye zizi na kurudi, maana siku zile kiti kilikuwa kinanichoma.

"Labda tumsikilize," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kwa mafundi. "Kwetu mtoto wa miaka kumi na mbili, hata mahakama inamwuliza."

"Kwetu mtoto anaulizwa akishaosha vyombo," nilimjibu, nikakata simu. Kisha nikampigia tena, kwa sababu neno lake lilikuwa limezua swali. Je, ningepanda ndege na mtoto mmoja? Nilikuwa na mume niliyemtaka ng'ambo ile na binti niliyemzaa upande huu, na siku zilikuwa zinakimbia. Niliogopa. Niliogopa kweli, na nikiogopa mimi huwa mkali, kwa hiyo nyumba nzima ilinikwepa hadi Ijumaa.

Jumamosi mchana akina mama wa kanisani walikuja kutuombea. Chai ilimiminwa, chapati zikapikwa, wimbo ukaanzishwa, na wakati wa kuwekewa mikono msichana hakuonekana. Niliwaacha na macho yao wameyafumba, nikaenda dukani kwa hasira. Alikuwa huko na shosho yake, wamekaa kwenye kreti za soda wanachagua maharagwe.

"Toka hapa!" nilisema.

"Wewe ndiye ukae," mama akaniambia. Nikakaa. Akamgeukia mtoto. "Mimi, niambie. Unakataa nini?"

"Sitaki kukuacha, shosho."

"Nani anaachwa? Wewe ni nani?"

"Ni wewe."

"Na mimi ni nani?"

Mtoto alitupa haragwe bovu. "Ni mimi."

"Haya. Hapa kuna mtu wa hilo jina. Wa kufungua duka ako, wa kukama ng'ombe ako, wa kusemwa na majirani pia ako. Huko Holland hakuna hata mmoja. Sasa watu wawili wa jina moja wakikaa kwa duka moja wanafanya nini? Si mmoja aende? Miguu yangu imekataa. Enda wewe, unionee huko. Hapa umeshabaki."

"Na nikilia?"

"Lia. Mimi nitalia huku. Si ni kilio kimoja?"

Msichana alimaliza maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo, akapangusa mikono kwenye sketi, akaenda kuombewa. Nilishukuru, na nilikasirika. Wiki nzima nimehangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mwanamke mmoja anamaliza kesi akiwa amekaa kwenye kreti. Nilitaka kumwuliza kwa nini alingoja hadi Jumamosi. Lakini nilimwona akiyarudisha maharagwe yale yale kwenye ungo, akaanza kuyachagua upya. Nikarudi kwa wageni.

Habari hiyo ilimfikia kaka mtu, naye akaenda kwa baba yangu kumwarifu kwamba guka ndiye yeye atakayebaki, kwa hiyo asisahau kumpa ndama maji. Baba alikubali bila kucheka.

Uwanja wa ndege wa Eldoret ni mdogo, kuagana hakuchukui muda. Mama alimshika mtoto mabega, akamwambia, "Nijitunze." Mimi aliniambia nisimwache avue soksi.

Ndani ya ndege msichana alikaa dirishani, kaka yake katikati. Hakulia. Aliangalia mashamba ya mahindi, kisha akanigeukia.

"Mimi nimebaki kwa shosho," alisema. "Huyu amebaki kwa guka. Na wewe, mum? Wewe umebaki kwa nani?"

Mimi nilipewa jina la mama wa baba yangu. Alizikwa kabla sijajua kutembea.

Nilimwambia afunge mkanda. Alikuwa ameshaufunga.