Bi Mkubwa Kafungiwa na Zege

Mjomba wangu ni dereva teksi, ila teksi yake haiiti gari. Anaiita Bi Mkubwa. Gari, kwake, ni la mtu mwingine. Ukikosea ananuna mpaka jioni.

Mteja wake wa uhakika ni mmoja tu: mama mshonaji, mgonjwa wa mgongo, anayepelekwa dukani kila alfajiri. Dereva mwingine pale kijiweni, tunamwita Breki, anammezea mate huyo mteja siku nyingi. Mjomba akikosa asubuhi moja tu, imekula kwake.

Sasa kokoto za njia ya kuingilia kwetu zilikuwa zinamtafuna Bi Mkubwa tumboni. Mjomba akaamua tumwage zege juu ya kokoto hizo, toka banda la nyuma mpaka getini. Akaitwa fundi, mimi nikashika toroli. Mchana, kabla hatujaanza, fundi akapaza sauti:

"Mzee, gari limetoka?"

Mjomba yuko bafuni, mapovu usoni. "Limetoka zamani!"

Alimaanisha lori lililoleta mchanga.

Tunasawazisha getini, mjomba huyo, kachana nywele, ufunguo mkononi.

"Bi Mkubwa atapita wapi?"

"Si apite ukutani?" fundi akasema. "Mwambie avue viatu."

Nikatupa koleo. "We fundi, una macho au matundu? Teksi iko bandani!"

"Mimi niliuliza gari."

"Basi tuweke mbao ipite!"

"Weka. Halafu zege ulinywee chai. Wiki nzima hapa hapiti hata paka."

Nikamwambia mjomba twende tukatoe upepo matairi ya Breki, ngoma iwe droo.

"Kaa chini," akasema, akampigia simu Breki. "Kesho utanibeba mimi na mteja wangu."

Breki akakubali mbio mbio. Alijua mteja kashanasa.

Alfajiri mjomba akakaa kiti cha mbele. Akamfungulia mama mlango, akamwekea mto mgongoni.

"Kona taratibu, mteja wangu ana mgongo. Zima redio. Hilo shimo tunalikwepa kushoto. Kushoto, baba, huko ni kulia."

Kesho yake hivyo hivyo. Wiki haijaisha, Breki akasimama katikati ya safari, akazima injini.

"Mzee, zege likikauka mchukue mteja wako. Wa kunifokea ninaye nyumbani."

"Sawa," mjomba akasema. "Umeegesha vibaya."