Maganda ya Juisi na Fahali wa Mama

Mama aliacha wasia mmoja tu: Idi Kubwa ya kwanza baada ya kufa kwake, achinjwe kwa jina lake yule fahali mwekundu aliyemlea mwenyewe, na nyama yote wapewe maskini wa Mambrui. Hakusema lolote juu ya nyumba wala minazi. Alisema juu ya fahali.

Mwaka huo masika yalitukimbia. Majani yalikauka hadi mizizi, na fahali wa mama akabaki mbavu na macho. Mnyama wa udhia hatakiwi kuwa kimbaombao. Akikonda kiasi hicho hafai. Nikaona wasia wa mama unaniponyoka mikononi huku nautazama.

Nikaenda kwa kaka yangu mkubwa. Ana duka la juisi Malindi mjini, juisi ya maembe na mananasi, na nyuma ya duka kila siku lilikuwako rundo la maganda na nzi wake. Nikamwomba maganda hayo.

"Chukua, dadangu, utanipunguzia uvundo," akasema, wala hakuuliza ya nini.

Basi kila asubuhi nikawa napanda tuktuk na magunia yangu. Nyumbani nilikaa chini nikachambua. Kokwa za maembe niliziweka kando zisije zikamkaba. Mirija na vifuniko vya plastiki, ambavyo watu wa dukani kwake walivitupa humo humo, niliviokota kimoja kimoja. Maganda nikayakatakata, nikayaanika juani kwenye jamvi, nikayanyunyizia chumvi ya mawe kutoka Marereni, kisha nikayachanganya na pumba za mahindi. Ukiyaacha guniani siku mbili tu yanachacha, na ng'ombe akiyala tumbo linamvimba. Mgongo uliniuma, vidole vilichunika kwa mananasi. Lakini alikula! Mbavu zikafunikwa, manyoya yakang'aa, akaanza hata kunitishia pembe.

Zilipobaki wiki tatu, kaka akaja kutuzuru. Akaliona jamvi uani, akakunja uso.

"Hiki ndicho unachomlisha? Takataka?"

"Ni maganda yako, kaka."

"Mnyama anayekula uchafu hachinjwi udhia. Nitanunua mwingine. Huyu muuze."

Damu ilinichemka. Tangu utotoni sijawahi kumpandishia sauti, lakini siku hiyo majirani walinisikia. "Uchafu upi? Embe ni lile lile! Nusu unawauzia watu kwenye gilasi na barafu, nusu ya pili ndiyo imekuwa najisi? Uchafu uliokuwamo ni mirija yako, na nimeutoa mimi kwa mikono hii!"

Kaka akavaa viatu akaenda msikitini kunishtaki, kama kwamba nimeiba. Baada ya swala ya alasiri akarudi na imamu.

Imamu wetu ni kijana tu, mtu asiye na maneno mengi. Alikwenda moja kwa moja hadi jamvini, akaokota ganda kavu, akalinusa, akalitia kinywani akalitafuna. Kaka akatoa macho.

"Lina chumvi," imamu akasema. Kisha akamzunguka fahali, akampapasa mbavu. "Ganda la tunda ni twahara. Najisi ni kitu kingine. Mchinjeni kama alivyousia mama yenu."

Na kaka? Hata samahani hakuniambia. Sijui neno hilo lingemvunja nini.

Siku ya Idi uwanja wetu ulijaa. Kaka, na kanzu yake iliyopigwa pasi, ndiye aliyeshika kisu, na hilo sikuligombania. Alitaja jina la mama kwa sauti nzuri. Fahali alikuwa na mafuta mpaka mchunaji akaita wenzake waje waone. Maskini wa mji walipata vifurushi vya kushika kwa mikono miwili. Watu wakamzunguka kaka.

"Mashaallah, umemtunza! Mama yako ameacha mtoto."

Nikamtazama. Nafasi ya kusema neno moja alikuwa nayo, na mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Alhamdulillahi," akasema.

Nikaenda nyuma ya nyumba kukunja jamvi. Juu yake yalikuwa yamebaki maganda ya kujaa viganja viwili, makavu, tayari, na hapakuwa tena na wa kumpa.